Jioni za Bara Kabla ya Televisheni

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu msomaji, wazazi wengi wa pwani husema kwamba nyumba siku hizi haikaliki pasi na televisheni. Ikizimwa, watoto hawajui wafanye nini, na wakubwa hutazamana kama wageni. Kauli hii yafaa tuipime kwa historia.

Kenya ilianza kuonyesha televisheni mwaka 1962, na Uganda 1963. Zanzibar ikapata yake, tena ya rangi, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Lakini Tanzania Bara ilikaa bila ya kituo hata kimoja mpaka 1994, baada ya sheria ya utangazaji ya 1993 kuwafungulia njia watu binafsi. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliona kuwa chombo hicho ni ghali, na kwamba kingewafaa wachache wa mjini hali walio wengi wako mashamba. Je, watu hao walizipitishaje jioni zao?

Tutazame upande ulio mbali kabisa na pwani: Ngara na Biharamulo, iliko kata ya Nyamigogo. Zamani wilaya hizo zilikuwa katika mkoa wa Ziwa Magharibi, ambao baada ya vita vya Uganda uliitwa Kagera. Mkoa huo ulikuwa mmoja katika mikoa minne ya Ziwa iliyotiwa katika mradi wa kisomo chenye manufaa, ulioendeshwa na serikali pamoja na UNESCO tangu 1968 hadi 1972, makao yake Mwanza. Watu wazima walijifunza kusoma kwa vitabu vilivyozungumzia kazi zao wenyewe: pamba, migomba, uvuvi, mifugo na mambo ya nyumbani. Mwaka 1974 likatoka Mwanza gazeti la vijijini, Elimu Haina Mwisho, ili aliyejua kusoma asije akasahau. Nchini kote, mwaka 1967 takriban watu wazima saba katika kila kumi hawakujua kusoma. Kwa hesabu ya serikali, kufika 1986 hawakufikia hata mmoja katika kumi.

Redio nayo ilikuwapo, lakini namna ya kuisikiliza ndiyo yenye mafunzo. Mwaka 1973 Radio Tanzania ilitoa vipindi vya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikaa makundi makundi kila wiki, wakasikiliza, wakasomewa kijitabu, kisha wakajadiliana: malaria itazuiwaje, kichocho chatoka wapi, nani hana choo. Kipindi kilipokwisha, mazungumzo ndiyo kwanza yalianza, na baada yake watu walishika majembe wakachimba vyoo.

Na kabla ya redio na kisomo, palikuwa na hadithi na vitendawili. Bao lilichezwa pwani kama lilivyochezwa katika nchi za Maziwa Makuu. Waganda huliita omweso, na Wanyarwanda igisoro. Bibi akisema "Paukwa", mtoto huitika "Pakawa". Akisema "Kitendawili", huitikiwa "Tega", na asiyejua jawabu hutoa mji. Angalia hekima iliyomo: kila mmoja ana zamu yake, hata mdogo kabisa. Anangojwa afikiri, na akikosea anacheka pamoja na wenziwe. Televisheni haimngojei mtoto ajibu.

Lakini tuseme kwa insafu. Si kila jioni isiyo na televisheni ilikuwa njema. Wako walioimaliza kwa pombe, wako walioimaliza kwa kusengenya, na wengine walilala mapema kwa kukosa mafuta ya taa. Kukosa chombo si uchaji. Kilichowafaa watu ni mambo matatu: saa maalumu, kazi inayojulikana, na mtu wa kuisimamia. Palipokosekana haya, wakati ulipotea vilevile.

Mtume (S.A.W.) alichukia kulala kabla ya Isha na mazungumzo baada yake. Hata hivyo Imamu Bukhari aliweka mlango mbalimbali kwa mazungumzo ya usiku pamoja na mgeni na watu wa nyumbani. Basi kuzungumza na ahali yako kwa kheri hakumo katika upuuzi.

Kwa hiyo mzazi asianze kwa kuvunja chombo wala kwa kugombana. Aanze kwa usiku mmoja katika wiki. Baina ya Maghribi na Isha kila mtoto asome Qurani kadiri yake, na baba asikilize mwenyewe, asimtume mwingine. Baada ya chakula mmoja asome gazeti au sira kwa sauti, na wengine waulize. Bibi apewe nafasi ya hadithi, watoto wategane vitendawili, na mikono isuke ukili au ishone kofia huku masikio yakisikia. Simu nazo ziwekwe kando, ya baba kwanza.

Watu wa Biharamulo hawakuchagua kuishi bila ya televisheni. Sisi leo tunaweza kuchagua, japo kwa saa mbili. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo, na atakayekulea uzeeni ni yule uliyekaa naye utotoni mwake.

Wabillahi tawfiq.