Lugha ya Nyimbo za Filamu za Kihindi, 1931–1957

Historia ya lugha ya taifa aghalabu huandikwa kwa kufuata katiba, kamusi na mitaala ya shule. Nyimbo za filamu huachwa kando, kana kwamba ni burudani tupu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba, nchini India, lugha iliyoachwa na katiba ilipata hifadhi katika nyimbo hizo.

Filamu ya kwanza ya sauti nchini humo, Alam Ara, ilionyeshwa Bombay tarehe 14 Machi 1931 ikiwa na nyimbo 7. Indra Sabha ya mwaka 1932 ilikuwa na nyimbo zipatazo 70. Wingi huo ulirithiwa kutoka maigizo ya makampuni ya Waparsi, na pamoja nao ikarithiwa lugha yake: Kihindustani, yaani lugha ya sokoni ya kaskazini, ambayo sarufi yake ni moja na ile ya Kihindi na Kiurdu, na ambayo haikuona haya kukopa Kiajemi na Kiarabu.

Mwaka 1947 nchi iligawanyika. Tarehe 14 Septemba 1949 Bunge la Katiba lilichagua Kihindi cha hati za Devanagari kiwe lugha rasmi, na katiba ikaelekeza kwamba msamiati wake uchotwe kwanza katika Kisanskriti. Kihindustani cha hati mbili, alichokitetea Gandhi, kikaachwa. Wasanifishaji walipendelea samay mahali pa waqt, yatra mahali pa safar, prem mahali pa mohabbat. Msomaji wa Kiswahili hatakosa kuyatambua maneno yaliyosukumwa kando: ni ndugu wa wakati, safari na mahaba.

Watunzi wa nyimbo hawakufuata mkondo huo. Sahir Ludhianvi, Majrooh Sultanpuri na Shakeel Badayuni walikuwa wametoka katika ushairi wa Kiurdu. Shailendra, aliyepata kufanya kazi katika karakana ya reli Bombay, alitumia Kihindi chepesi cha watu wa kawaida. Wala mipaka ya dini haikuwafunga. Katika Baiju Bawra ya mwaka 1952 umo wimbo mashuhuri wa ibada ya Kihindu ulioandikwa na Shakeel, ukatiwa muziki na Naushad na kuimbwa na Mohammed Rafi, wote watatu Waislamu.

Mwaka huo huo B. V. Keskar alishika wizara ya habari. Aliziona nyimbo za filamu kuwa duni, akazipunguza mno katika redio ya serikali ili nafasi ichukuliwe na muziki wa jadi. Wasikilizaji wakahamia Radio Ceylon ya Colombo, ambako mnamo Desemba 1952 Ameen Sayani alianza kutangaza Binaca Geetmala. Serikali ilisalimu amri: tarehe 3 Oktoba 1957 ilifungua Vividh Bharati, idhaa ya burudani iliyozipa nyimbo za filamu nafasi kubwa.

Sababu za ushindi huo hazikuwa za mapenzi ya lugha peke yake. Mwenye filamu alitaka aeleweke Punjab na Bihar pia, na neno la kitabuni lingemfukuzia watazamaji. Tena mapokeo ya ghazali yalikwisha kuyapa maneno kama dil, yaani moyo, uzito ambao hriday ya Kisanskriti isingeweza kuupata kwa amri.

Hata hivyo, ushindi huo usikuzwe kupita kiasi. Wimbo husikilizwa, hausomwi. Watunzi wengi waliandika kwa hati za Kiurdu, lakini msikilizaji hakuhitaji kuzijua, na wasomaji wa hati hizo wakazidi kupungua nchini India. Nyimbo zilihifadhi msamiati. Hazikuweza kuhifadhi hati. Kazi hiyo ilihitaji shule, na shule zilikuwa mikononi mwa serikali.