Mshipa Ulioonekana Lisbon

Tarehe 28 Juni 1927, katika Hospitali ya Santa Marta jijini Lisbon, kijana wa miaka 20 alilazwa mbele ya mashine ya eksirei, shingo imepasuliwa na ateri iko wazi. Daktari Egas Moniz alikuwapo, lakini sindano ilishikwa na msaidizi wake, Pedro Almeida Lima, kwa kuwa mikono ya mkubwa wake ilikuwa imeharibiwa na jongo. Ndani ya sindano mlikuwa na iodidi ya sodiamu. Filamu iliposafishwa, mishipa ya ubongo wa mtu aliye hai ilionekana ikitawanyika kama mizizi. Kabla ya hapo eksirei ya kichwa ilikuwa ikionyesha fuvu, na zaidi ya fuvu ni kidogo sana.

Kijana huyo hakuwa wa kwanza kuchomwa. Baadhi ya wagonjwa waliomtangulia walipewa bromidi ya strontiamu, na mmoja wao alifariki. Historia ya kipimo hiki haisimuliki kwa haki bila kuwataja hao, maana ndio waliolipia picha ambayo wao wenyewe haikuwafaa kitu.

Miongoni mwa yanayotafutwa kwa picha hiyo ni anurisimu, kivimbe kinachoota pale ukuta wa ateri ulipodhoofika, mara nyingi kwenye njia panda za mishipa chini ya ubongo. Huning'inia kama zambarau kwenye kijiti chake. Kinaweza kukaa miaka bila dalili. Kikipasuka, kichwa huuma ghafla kwa maumivu ambayo mgonjwa hajapata kuyaonja. Daktari wa upasuaji Walter Dandy wa Baltimore alikikabili mwaka 1937 bila picha ya mishipa. Mgonjwa wake alikuwa na ukope ulioanguka, na kwa dalili hiyo Dandy alijua ni neva ipi iliyokandamizwa. Akafungua fuvu, akakuta kivimbe, akakibana shingo kwa kibanio cha fedha. Ni ustadi wa ajabu, ila si kila kivimbe kina ukope wa kukisemea.

Kwa hiyo anjiografia ya Moniz, yaani picha ya mishipa, ilienea, na kosa kubwa likaenea nayo. Iodidi iliwasumbua wagonjwa, madaktari wakahamia Thorotrast, iliyong'arisha mishipa vizuri na bila maumivu. Ilikuwa na thoriamu, madini yenye mionzi, ambayo mwili hauwezi kuyatoa. Yalitua kwenye ini na wengu, na miongo kadhaa baadaye saratani za ini zikaanza kujitokeza. Nusu ya thoriamu huchukua takriban miaka bilioni 14 kuoza.

Mwaka 1953 Sven-Ivar Seldinger wa Sweden alionyesha jinsi ya kupitisha katheta, yaani mrija mwembamba, kwa waya kupitia tundu dogo la sindano, na upasuaji wa kufunua ateri ukapungua. Kisha, tarehe 1 Oktoba 1971, mashine ya CT ya Godfrey Hounsfield, inayopiga picha za eksirei kwa matabaka, ilimpima mgonjwa wa kwanza jijini London. CT za mwanzo hazikuona kivimbe chenyewe. Ziliona damu iliyovuja, nyeupe kuzunguka ubongo, na hadi leo mgonjwa wa maumivu ya ghafla huanzia hapo. Mashine za CT za mzunguko za miaka ya 1990 ziliongeza picha ya mishipa kwa sekunde chache, dawa ikichomwa mkononi tu. Vivimbe vya chini ya milimita tatu, hasa vilivyo karibu na mfupa, ndivyo huponyoka kirahisi.

MRI, inayopiga picha kwa sumaku, haina mionzi, na inaweza kuchora mishipa bila dawa yoyote, ikifuata mwendo wa damu. Inawafaa wanaofuatiliwa mwaka baada ya mwaka. Lakini huchukua muda, mgonjwa asitikisike, na baadhi ya vibanio vya zamani vya chuma huweza kusogezwa na sumaku yake ndani ya kichwa.

Katheta haikustaafu. Madaktari wakitaka uhakika wa umbo la kivimbe na shingo yake, huirudia, wakijua inabeba hatari ndogo ya kiharusi. Tena tangu mwaka 1990, Guido Guglielmi alipoanza kutumia nyuzi zake za platinamu jijini Los Angeles, njia hiyohiyo hutibu. Uzi unajikunja ndani ya kivimbe, mzunguko juu ya mzunguko, hadi kinajaa. Kisha daktari anasukuma dawa ya iodini, yaleyale madini joto ya Moniz, na kwenye skrini anaitazama ikipita mbele ya kivimbe bila kuingia.