Moyo unavuka, miguu inachelewa: wanamichezo wa kando kwenye mbio ndefu

Bandugu, tuanze na jina ambalo hata asiyefuata riadha analijua: Luis Enrique, kocha wa PSG. Aliacha kucheza mpira mwaka wa 2004, akiwa Barcelona, halafu akaingia kwenye mbio ndefu. Mwaka wa 2006, kwenye maratoni ya Amsterdam, alitumia masaa 3, dakika 14 na sekunde 9. Mwaka wa 2007, kule Florence, akashuka mpaka masaa 2, dakika 57 na sekunde 58.

Je, hiyo ni mbio kali ao ya kawaida? Hapo njo mabishano yanaanza. Kuko wanaosema: mtu mwenye mwili wa mchezo anaweza kila mchezo, mpe viatu tu. Kuko wengine wanaosema: kila mtu abaki kwenye yake, nje ya pale hana kitu. Nimefuata historia ya hawa watu waliotoka kwenye michezo mingine wakaingia kwenye mbio ndefu, na naona kila upande umeshika nusu ya ukweli.

Kwanza tupate kipimo. Maratoni ni kilomita 42 na mita 195. Umbali huo ulikimbiwa kwenye Olimpiki ya London mwaka wa 1908, ukawekwa rasmi mwaka wa 1921. Marehemu Kelvin Kiptum wa Kenya aliukimbia kwa masaa 2 na sekunde 35 kule Chicago, mwaka wa 2023. Maana yake, kila kilomita aliikata kwa dakika 2 na sekunde 51 hivi. Mtu anayetaka kumaliza chini ya masaa 3 anapaswa kukata kila kilomita kwa dakika 4 na sekunde 15 hivi, bila kulegea, mara 42. Wakimbiaji wengi wa kawaida wanajizoeza miaka na hawafiki pale. Basi tushike huo mstari wa masaa 3, ndio utatusaidia kulinganisha.

Sasa tuwaangalie watu wa kinga, yaani baiskeli. Kama kuko wanamichezo wenye moyo na mapafu ya ajabu, ni hawa. Tour de France ni wiki 3, na siku kubwa za milima zinaweza kuchukua masaa 5 mpaka 6. Mfaransa Laurent Jalabert, aliyekuwa kati ya wakubwa wa mchezo huo, aliacha mwaka wa 2002. Mwaka wa 2005 akakimbia maratoni ya New York kwa masaa 2, dakika 55 na sekunde 15.

Mwaka uliofuata, kwenye barabara zile zile, akaja Lance Armstrong. Wakati ule alikuwa bado anahesabiwa kuwa mshindi wa Tour mara 7. Mwaka wa 2012 alinyang'anywa zote juu ya kutumia dawa, na hilo tusilisahau. Lakini kwa hoja yetu inazidisha nguvu tu: moteri yake ilikuwa imesukumwa kwa kila njia, halali na haramu. Tena kukimbia hakukuwa kugeni kwake, maana ujanani alikuwa mtu wa triathlon, ule mchezo wa kuogelea, kupanda kinga na kukimbia. Siku ile alisindikizwa kwa zamu na wakubwa watatu wa riadha: Alberto Salazar, Joan Benoit Samuelson na Hicham El Guerrouj wa Maroko.

Alimaliza kwa masaa 2, dakika 59 na sekunde 36. Alipita chini ya mstari kwa sekunde 24 tu. Baadaye akasema kwamba hata siku mbaya zaidi za Tour hazikuwa ngumu kama ile. Na mbele yake? Mshindi wa wanaume, Marílson Gomes dos Santos wa Brazil, alikuwa amefika kwa masaa 2, dakika 9 na sekunde 58. Mshindi wa wanawake, Jelena Prokopčuka wa Latvia, kwa masaa 2, dakika 25 na sekunde 5. Yaani mwanamke yule alimtangulia kwa zaidi ya nusu saa.

Kwa nini? Hapa inabidi tutenganishe vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya.

Kitu cha kwanza ni moteri: moyo, damu, mapafu. Katika miaka ya 1920, Mwingereza Archibald Hill, aliyepewa Nobel ya mwaka wa 1922, alikuwa kati ya watu wa kwanza kuonyesha kwamba mwili uko na kikomo cha oksijeni unayoweza kutumia kwa dakika moja. Ukijizoeza, kikomo kinapanda. Na moyo haujali sana kama unasukuma damu kwa mtu anayepiga kasia, anayepanda kinga ao anayekimbia. Kwa hiyo sehemu hii inavuka kutoka mchezo mmoja kwenda mwingine. Njo maana Jalabert na Armstrong, kwenye maratoni yao ya kwanza New York, walipita pale ambapo watu wengi hawafiki.

Kitu cha pili ni miguu. Kwenye kinga, uzito wako umebebwa na kiti. Ukikimbia, kila hatua mguu unapokea nguvu ya mara 2 mpaka 3 ya uzito wako. Hesabu mwenyewe: hatua kama 170 kwa dakika, kwa masaa 3, ni hatua 30,000 na zaidi. Kila mara misuli ya paja inafanya kazi ya breki, na mishipa ya kisigino inavutwa na kurudi kama mpira. Mkimbiaji wa miaka 10 anapata nguvu mingi bure kutoka kwenye huo mvuto, na anatumia oksijeni kidogo kwa kila kilomita. Mgeni anatumia mingi kwa mwendo ule ule. Ni kama kufunga moteri ya Fuso juu ya mapine ya kinga. Moteri iko nzima, lakini mapine hayawezi kubeba. Tena moyo unajengeka ndani ya miezi, lakini mishipa na mifupa inataka muda mrefu zaidi kuzoea kupigwa na barabara.

Ushahidi njo huu: angalia mwaka wa pili. Armstrong alirudi New York mwaka wa 2007 na akamaliza kwa masaa 2, dakika 46 na sekunde 43. Alipunguza karibu dakika 13. Jalabert naye, mwaka ule ule wa 2007, alikimbia Barcelona kwa masaa 2, dakika 45 na sekunde 52. Luis Enrique tumeshaona: dakika 16 zilitoka ndani ya mwaka mmoja. Arjen Robben, yule wa Bayern na Uholanzi, alikimbia Rotterdam mwaka wa 2022 kwa masaa 3 na dakika 13 hivi, na mwaka wa 2024, mji ule ule, kwa masaa 2, dakika 58 na sekunde 33. Hawa watu hawakupata moyo mpya katikati. Moyo walikuwa nao tangu zamani. Kilichobadilika zaidi ni miguu.

Lakini tusidanganyane: mwaka wa pili hautoshi kuwa bingwa. Mwaka ule wa 2007, mshindi wa wanawake New York alikuwa Paula Radcliffe wa Uingereza, kwa masaa 2, dakika 23 na sekunde 9. Alikuwa amezaa mtoto mwezi wa kwanza wa mwaka huohuo. Na bado alimtangulia Armstrong kwa zaidi ya dakika 23. Radcliffe alikuwa anakimbia tangu utotoni. Hiyo ndiyo akiba ambayo mgeni hawezi kuikopa.

Basi ni nani anayekaribia zaidi? Ni wale ambao mchezo wao wa zamani tayari uliwafanya wakimbie. Alistair Brownlee, bingwa wa Olimpiki wa triathlon, alikimbia mita 10,000 kwa dakika 28 na sekunde 32 mwaka wa 2013. Rekodi ya dunia wakati ule ilikuwa ya Kenenisa Bekele wa Ethiopia, dakika 26 na sekunde 17. Tofauti ni dakika 2 na robo. Si kidogo, lakini ni mbio ya mtu wa kazi hiyo kabisa. Mwenzake wa Marekani, Gwen Jorgensen, alipata medali ya dhahabu ya triathlon kule Rio mwezi wa 8 mwaka wa 2016. Mwezi wa 11 akajaribu maratoni ya New York: masaa 2, dakika 41 na sekunde 1, nafasi ya 14. Mshindi, Mary Keitany wa Kenya, alikuwa ameshafika dakika 16 na nusu mbele. Kwenye triathlon ya Olimpiki mtu anakimbia kilomita 10. Zile 32 zingine, mashindano yake hayajawahi kuzidai.

Mfano unaonifurahisha zaidi unatoka kwenye theluji. Therese Johaug wa Norvège ni mkubwa wa mbio ndefu za ski. Mwaka wa 2019 aliingia kwenye ubingwa wa riadha wa nchi yake na akashinda mita 10,000 kwa dakika 32 na sekunde 20. Mtu wa ski anashinda wakimbiaji? Kumbe watu wa ski, theluji ikiisha, wanakimbia kwenye milima msimu wote wa joto. Miguu yake ilikuwa imesoma lile somo miaka mingi, kimya kimya.

Ukigeuza njia, mambo si sawa. Philip Boit wa Kenya alikuwa mkimbiaji wa mita 800. Mwaka wa 1996 kampuni ya Nike ilimpeleka Finland kujifunza ski, bila kuwa amewahi kuona theluji. Kwenye Olimpiki ya Nagano mwaka wa 1998, kwenye kilomita 10, alifika wa mwisho, nafasi ya 92, dakika 20 nyuma ya Bjørn Dæhlie wa Norvège. Dæhlie alimsubiri pale mwisho na kumkumbatia, na Boit baadaye akampa mtoto wake jina la Dæhlie. Moteri ya Boit haikuwa na kasoro. Lakini mtu wa ski anakimbia kila mwaka, mkimbiaji wa Eldoret hateleshi. Na Boit hakuacha: alirudi Olimpiki mwaka wa 2002 na tena 2006.

Sisi wa agronomia tunaijua hii hali. Muche ukitoka kitaluni na kuingia shambani, siku za kwanza majani yanalegea, hata kama muche uko na afya. Asiyejua anasema umekufa, anaung'oa. Anayejua anamwagilia na kusubiri mizizi ishike udongo mpya.

Naandika hii kwa sababu wengi wetu tunahama. Mimi niko na lisansi ya agronomia, na kazi niliyoipata ni kushika stoku kwenye depo ya vifaa vya ujenzi. Nyumbani kuko wanaosema masomo yangu yamepotea. Hayajapotea: kupima, kuandika hesabu kila siku, kusubiri msimu bila kuchoka, hivyo vyote vilivuka pamoja nami. Lakini bei ya simenti, tabia ya wateja, namna fundi anavyoomba deni siku ya Jumamosi, hivyo diploma haikunifundisha, na mtu aliyekaa pale miaka 12 bila diploma ananitangulia kama Prokopčuka alivyomtangulia Armstrong. Hakuna haya ndani yake, ni akiba ya miaka.

Kwa hiyo ndugu unayehama, usidai nafasi ya mbele juu ya mbio ulizokimbia kwingine, na usijiite mtu asiyefaa juu ya maratoni ya kwanza. Na wewe unayeajiri, ukimfukuza kijana kwenye mwezi wa 3, umemhukumu kabla miguu haijazoea. Mimi niko kwenye mwezi wa 16. Tutaongea tena nikimaliza mwaka wa pili.