Wastaafu wa mpakani Tunduma

Wastaafu wa mpakani Tunduma ni wazee wanaoishi Tunduma, mkoani Songwe, huku pensheni yao ikitoka Zambia, au wanaoishi Nakonde, ng'ambo ya mpaka nchini Zambia, na kulipwa kutoka Tanzania. Hali hii imetokana na undugu wa Wanyamwanga, walioko pande zote mbili, na ajira za TAZARA, reli ya kilomita 1,860 kati ya Dar es Salaam na Kapiri Mposhi, iliyokabidhiwa mwaka 1976.

Pensheni. Zambia hulipa kupitia mfuko wa pensheni wa NAPSA. Tanzania hulipa kupitia mifuko ya PSSSF na NSSF. Mstaafu hutakiwa kuhakikiwa kuwa yu hai, na akichelewa malipo yanaweza kusimamishwa. Malipo ya kwacha hubadilishwa kuwa shilingi, hivyo kipato hupanda na kushuka. Saa nazo hutofautiana: saa tatu asubuhi Tunduma ni saa mbili Nakonde, na anayewahi benki ng'ambo hukuta milango imefungwa.

Matibabu. Kadi ya bima ya nchi moja kwa kawaida haipokelewi ng'ambo, hivyo mgonjwa hulipa taslimu. Kwa upande wa Tanzania, hospitali ya rufaa ya mkoa iko Vwawa, si Tunduma.

Ukaazi na ardhi. Nchini Tanzania, asiye raia huhitaji kibali cha Uhamiaji. Sheria ya Ardhi ya 1999 haimruhusu kumilikishwa ardhi ila kwa uwekezaji. Kwa hiyo ni muhimu nyaraka za nyumba na mirathi ziandaliwe mapema, mzee angali na nguvu.