Mpox: utafiti wa Tunda unatuambia nini juu ya dawa na matunzo ya mgonjwa

Kwa wakaaji wa Kasongo na Kabambare, Tunda si nchi ya mbali. Ni zoni ya afya ya jimbo letu la Maniema, ng'ambo ya Lualaba, katika teritwari ya Kibombo. Katika hopitali ya Tunda, pamoja na ile ya Kole kule Sankuru, dawa moja ya mpox ilipimwa kuanzia mwezi wa kumi 2022. Dawa yenyewe haikuonyesha nguvu iliyotarajiwa. Lakini utafiti huo uliacha somo moja ambalo kila nyumba inapaswa kulijua: mgonjwa wa mpox anayelazwa, akapewa maji, chakula na matunzo ya vidonda, mara nyingi sana anapona.

Ugonjwa wenyewe

Virusi vya mpox ni ndugu wa virusi vya ndui, ule ugonjwa wa zamani uliomalizika duniani. Vilitambuliwa mara ya kwanza mwaka 1958 kwa nyani waliofugwa katika maabara kule Copenhagen, Denmark. Ndiyo maana watu wengi wanasema "ndui ya nyani". Muntu wa kwanza kujulikana kuwa aliugua alikuwa mtoto wa miezi 9, huko Basankusu, Ekwateri, mwaka 1970. Kwa hiyo ni ugonjwa unaojulikana katika inchi yetu kwa zaidi ya miaka 50.

Jina la nyani linaweza kudanganya. Wataalamu wanafikiri wanyama wanaotunza virusi hivi zaidi ni wale wadogo wa porini, kama vile kindi na panya wa msitu. Muntu anaweza kuambukizwa anapochuna au kushika nyama mbichi ya mnyama mgonjwa, ao mnyama aliyeokotwa amekufa. Kisha ugonjwa unatoka kwa muntu kwenda kwa muntu: kwa kugusa vidonda, kulala kitanda kimoja, kutumia nguo na shuka za mgonjwa, kufanya ngono, ao kukaa naye uso kwa uso muda mrefu.

Dalili zinaanza kati ya siku 3 na 21 kisha kuambukizwa. Kwanza homa, kichwa kuuma, mwili kuchoka, na tezi kuvimba shingoni, kwapani ao kwenye kinena. Kisha vipele vinatoka: doa, halafu uvimbe mdogo, halafu lengelenge la maji, halafu usaha, na mwisho ganda linalokauka na kuanguka. Yote hayo yanachukua wiki 2 hadi 4. Mgonjwa anaweza kuambukiza wengine mpaka maganda yote yaanguke na ngozi mpya ionekane.

Kwa nini ugonjwa umeongezeka? Chanjo ya ndui ilikuwa inakinga mpox pia. Ndui ilipotangazwa kuwa imemalizika, mwaka 1980, chanjo ikasimamishwa. Utafiti uliofanywa Sankuru na kuchapishwa mwaka 2010 ulionyesha kama mpox ilikuwa imeongezeka mara 20 ukilinganisha na miaka ya 1980, na wale waliochanjwa zamani walikuwa na hatari ndogo mara 5 hivi kuliko wale ambao hawakuchanjwa. Angalia mkono wa babu ao bibi: lile kovu la chanjo bado linamsaidia. Watoto na wajukuu wake hawana.

Pamoja Tulinde Maisha

Utafiti wa Tunda na Kole unaitwa PALM007. Herufi hizo PALM zimetoka katika Kiswahili: Pamoja Tulinde Maisha. Jina hilo lilianza wakati wa Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, mwaka 2018, pale dawa 4 zilipopimwa na 2 zikaonekana kuokoa watu zaidi. Walioongoza ni INRB, taasisi ya utafiti ya Kinshasa chini ya Profesa Jean-Jacques Muyembe, pamoja na taasisi ya afya ya Marekani inayoitwa NIAID.

Dawa iliyopimwa ni tecovirimat. Ilitengenezwa kwa ajili ya ndui, na Marekani iliikubali kwa ugonjwa huo mwaka 2018. Kwa wanyama ilionekana kuwa na nguvu, na nchi kadhaa zilikuwa zimeanza kuwapa wagonjwa wa mpox. Lakini hakuna aliyekuwa amehakikisha kama inaponyesha mpox kwa watu.

Ilihakikishwa namna gani? Wagonjwa 597, wakubwa na watoto, ambao maabara ilithibitisha kama wana mpox, waligawanywa kwa bahati, sawa na kupiga kura. Kundi moja lilipewa tecovirimat. Kundi lingine lilipewa kidonge kinachofanana nacho lakini kisicho na dawa ndani. Mgonjwa hakujua anameza nini, na anayemhudumia hakujua pia. Watu wengi wanaposikia hivyo wanakasirika: "Walipewa kidonge cha bure?" Hapana, hawakuachwa. Wote walilazwa siku zisizopungua 14, na wote walipata matunzo yaleyale: chakula, maji ya kutosha, na tiba ya maambukizi mengine yaliyoingia katika vidonda. Bila kulinganisha namna hiyo, kila anayepona tungesema ameponyeshwa na dawa, hata kama mwili wake ndio uliojiponyesha.

Majibu

Majibu ya kwanza yalitoka tarehe 15 mwezi wa nane 2024, siku moja tu kisha OMS kutangaza mpox kuwa hatari ya dunia nzima. Tecovirimat haikuleta madhara makubwa, lakini haikuharakisha kupona kwa vidonda. Waliomeza dawa na waliomeza kidonge kitupu walipona karibu kwa muda sawa. Utafiti mwingine juu ya aina nyingine ya mpox, uliofanywa katika nchi mbalimbali, ulifikia jibu hilohilo mwisho wa 2024.

Lakini namba nyingine iliwashangaza wataalamu. Kati ya wagonjwa wote wa utafiti, waliokufa walikuwa asilimia 1,7, ni kusema kama watu 10 kati ya 597. Kwa wagonjwa wa mpox wa Congo kwa jumla, asilimia iliyokuwa inahesabiwa ni 3,6 ao zaidi. Kwa kiwango hicho, katika watu 597 wangekufa kama 21.

Tuseme ukweli: namba hizo mbili hazifanani kabisa, sababu wagonjwa wa utafiti walichaguliwa na wale wa inchi nzima hawakuchaguliwa. Hata hivyo wenye kuongoza utafiti walisema wazi kama kulazwa na kutunzwa vizuri kunapunguza vifo. Na vitu vilivyotumika si vigeni kwetu: maji, chakula, usafi, dawa za kawaida, na muuguzi anayepita kila siku.

Matunzo ya mgonjwa ni nini?

Maji. Homa na vidonda vya mdomoni vinafanya mgonjwa, zaidi mtoto, asinywe. Apewe kidogokidogo mara nyingi, na maji ya SRO kama anahara ao anatapika. Akishindwa kabisa kumeza, atawekewa serumu hopitalini.

Chakula. Uji, mchuzi, ndizi laini, kitu chochote chenye nguvu kisichouma mdomoni. Mama anayenyonyesha aulize muuguzi namna ya kuendelea kwa usalama.

Ngozi. Kuosha kwa maji safi na sabuni bila kusugua, kukausha, kukata makucha ya mtoto asijikune. Usitoboe malengelenge. Usipake asidi ya betri, mafuta ya gari, majivu wala majani yasiyojulikana: hapo ndipo vidonda vinapooza na kuacha makovu makubwa.

Dawa. Parasetamoli kwa homa na maumivu. Antibiotiki haiui virusi. Inatumika pale tu kidonda kimeingiliwa na vijidudu vingine, na muuguzi ndiye anayeamua.

Macho. Jicho likiwa jekundu, likiuma ao likifungwa na usaha, usingoje kesho. Mpox inaweza kupofusha.

Wajawazito wako katika hatari ya pekee. Katika hopitali ya Kole, kati ya wanawake 4 wenye mimba waliofuatiliwa kati ya 2007 na 2011, 3 walipoteza mimba. Mama mjamzito mwenye homa na vipele aende hopitali siku hiyohiyo. Watoto wadogo, wenye utapiamlo na wenye virusi vya ukimwi pia wasicheleweshwe.

Si kila kipele ni mpox

Tetekuwanga inafanana sana na mpox, na hata wauguzi wanaweza kuzichanganya. Mara nyingi tetekuwanga inawasha, tezi hazivimbi sana, na vipele vinakuwa vya kila umri pamoja: vingine vipya, vingine vimekauka. Mpox inapenda kutokea hata katika viganja na nyayo, na vipele vya sehemu moja vinakua pamoja. Surua inaleta mafua, macho mekundu na kikohozi, bila malengelenge. Upele wa kujikuna unawasha zaidi usiku, kati ya vidole na kiunoni, na mara nyingi nyumba nzima inajikuna. Huo unatibiwa kwa dawa ya kupaka, watu wote wa nyumba siku moja, na nguo na shuka zinafuliwa. Jibu la hakika juu ya mpox linatoka maabara, kwa majimaji ya lengelenge ao kipande cha ganda.

Kwa Kasongo na Kabambare

Teritwari zetu zimewekwa katikati. Upande wa magharibi kuna misitu ya Kibombo na Sankuru, ambako mpox imezoeleka. Upande wa mashariki, Kabambare inapakana na Kivu ya Kusini, na huko Kamituga, katika machimbo ya dhahabu, aina mpya ya mpox ilitambuliwa kuanzia mwezi wa tisa 2023. Hiyo inapita kirahisi kati ya watu, hata kwa njia ya ngono. Wachimbaji na wafanyabiashara wa Salamabila na Namoya wanapaswa kujua hilo.

Chanjo iko. Congo ilianza kuitoa tarehe 5 mwezi wa kumi 2024 huko Goma, kwa kutumia chanjo inayoitwa MVA-BN, ambayo inadungwa mara 2, wiki 4 kati ya moja na nyingine. Kampeni ikifika katika zoni yako, uliza reko ao muuguzi mkuu wa santre ya afya nani anahusika. OMS iliondoa tangazo la hatari ya dunia mwezi wa tisa 2025, lakini hiyo haisemi kama ugonjwa umetoka kwetu.

Linalobaki ni njia kati ya kijiji na kitanda cha hopitali. Tunda, utafiti ulikuwa na mali ya kumlisha mgonjwa na kumtibu. Katika santre nyingi, familia ndiyo inayoleta sufuria, makala na unga. Kwa hiyo, mgonjwa akitengwa, jamaa na majirani wapange nani anapika na nani anachota maji, chakula kiachwe mlangoni, na anayemhudumia awe mmoja, anawe mikono kwa sabuni kila mara. Na viongozi wa zoni za Kasongo, Kunda, Samba, Kabambare, Lusangi na Saramabila wanaweza kuulizwa jambo moja la wazi: mgonjwa wa mpox akifika leo, atapata kitanda, maji na chakula?

Ukiona homa na malengelenge nyumbani mwako, mtenge mgonjwa bila kumtupa, mwite reko, na mpeleke santre ya afya. Usingojee dawa ya mbali.