Neno "Mafuta" na Alama za Hatari Katika Malori ya Tangi

Malori ya mafuta yalizidi sana katika njia ya Morogoro na Mikumi baada ya Novemba 1965, walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru na Zambia ikakatiwa mafuta yaliyopitia kusini. Mwaka 1968 bomba la TAZAMA lilianza kazi, lakini malori hayakukoma. Hata leo barabara ya Iringa hupita Mikumi, na ile ya Dodoma hupita Dumila, inakochepuka njia ya Msowero na Kilosa.

Katika muda huo dunia ilikuwa ikijitungia lugha ya alama. Kamati ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa ilitoa mapendekezo yake ya kwanza mwaka 1956, na mwaka uliofuata nchi za Ulaya zikapatana huko Geneva. Kwa utaratibu uliotokana na juhudi hizo, kibao cha rangi ya machungwa huwa na nambari mbili: ya juu hutaja aina ya hatari, ya chini hutaja shehena yenyewe. Petroli ni 33 juu ya 1203. Mafuta ya taa ni 30 juu ya 1223. Tarakimu ikirudiwa, hatari imezidi.

Hapa ndipo Kiswahili chetu kinapopungukiwa. Alama hutenga, neno "mafuta" hukusanya. Mafuta ni ya kupikia, ya kujipaka, ya taa na ya gari. Mafuta ya taa hayatoi mvuke wa kutosha kushika moto mpaka yafikie joto la nyuzi 38 hivi. Petroli hutoa mvuke huo hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Tena mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa chini na kujaa mitaroni.

Tarehe 10 Agosti 2019, lori la petroli lilipinduka Msamvu, Morogoro. Watu walikwenda kuchota. Moto ukalipuka, wakafa zaidi ya 100. Ufukara una sehemu yake katika msiba huo, wala si haki kulitwisha neno lawama yote. Hata hivyo, nambari 33 humfaa mzima moto aliyefunzwa; mwanakijiji huhitaji sentensi.

Basi yafaa wafasiri na walimu waache kuandika "mafuta" tu panapohusu hatari, na maandishi ya tangi yaseme waziwazi: PETROLI. MVUKE WAKE HUSHIKA MOTO. KAA MBALI.