Mvua za mwezi wa tisa: historia fupi ya bustani ya parseli



Mwezi wa tisa umeingia. Hapa Baraka, na kando yote ya ziwa kupanda mpaka Uvira, kiangazi kilichoanza mwezi wa sita kinakaribia kwisha. Mvua ya kwanza ikinyesha, kumbikumbi wanatoka ardhini, watoto wanawakimbiza na masufuria, na wamama wanashika majembe. Lakini hawaendi shambani kwanza. Wanaanza nyuma ya nyumba, pale kati ya jiko na mahali pa kuogea, kipande ambacho mara nyingi unaweza kukivuka kwa hatua kumi.

Kazi yangu ni kupita kwenye maparseli ya wanachama na kuandika ripoti. Kwenye karatasi za ripoti kuko nafasi ya hekta za mihogo, kilo za mahindi na idadi ya majembe yaliyogawanywa. Nafasi ya kile kipande cha nyuma ya nyumba hakuna. Nilijaza karatasi hizo miaka mingi kabla ya kujiuliza kwa nini. Jibu ni la zamani kuliko shirika letu na kuliko mashirika yote: katika nchi hii, wenye daftari hawajawahi kuhesabu lengalenga. Na kwa sababu haihesabiwi, mbegu zake ndizo zinazochelewa kila mwaka. Nitafika huko. Kwanza tuone bustani yenyewe imetoka wapi.

Ukisimama leo katika parseli ya mwanachama yeyote, utafikiri kila kitu unachokiona ni cha mababu. Nusu ni kweli. Bamia, kunde, njugu mawe na ile nyanya chungu ndogo ni mimea ya Afrika hii hii, ililimwa tangu zamani sana. Lakini mihogo, mahindi, maharagi, viazi vitamu, karanga, pilipili na nyanya vyote asili yake ni Amerika. Mihogo ililetwa na Wareno katika karne ya 16 upande wa bahari ya Atlantiki, katika nchi ya Wakongo, na ikatembea polepole kuja ndani, kutoka mkono kwa mkono. Wengi tunapenda kusema kwamba sombe ni chakula cha babu wa babu. Ni sawa, mradi tukubali kwamba babu wa babu huyo alikuwa mtu wa kujaribu vitu vipya.

Upande wetu wa mashariki, mlango mwingine ulikuwa Ujiji, ng'ambo ya ziwa. Burton na Speke walipofika huko mwaka 1858 walikuta soko tayari linachangamka, maana misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilikuwa imetangulia. Watu hao walivuka Tanganyika wakaingia Maniema mpaka Kasongo, ambako watu wa Tippu Tip walikuwa na makao makubwa. Tusiwasafishe: walikuja kutafuta pembe za ndovu na watumwa, na vijiji vingi viliisha. Lakini kambi zao zilihitaji chakula, njo maana walipanda mpunga, miembe, michungwa na milimau. Lugha hii ninayoandikia ilipita njia ile ile. Kiswahili na mwembe viliingia huku kwa mguu mmoja.

Kisha ikaja serikali ya Wabelgiji, na hapo ndipo daftari lilipoanza. Mwaka 1917 ilitoka amri ya kilimo cha lazima: kila mwanaume mwenye nguvu apande zao aliloambiwa, kwenye kipimo alichopewa. Katika uwanda wa Ruzizi zao hilo lilikuwa pamba. Sheria ya mwaka 1933 iliweka siku 60 za kazi hizo kwa mwaka, na mwaka 1942, wakati wa vita ya Wazungu, zikaongezwa kuwa 120. Hebu hesabu mwenyewe: siku 120 ni theluthi ya mwaka. Agronome alipita na daftari lake, na aliyekuwa na shamba dogo au lenye majani alilipa faini au akafungwa. Mihogo nayo iliingia katika lazima, kwa hoja ya kuzuia njaa.

Angalia sasa ni nini kilibaki nje ya daftari. Agronome alihesabu pamba na mihogo. Hakuingia nyuma ya jiko kuhesabu matembele. Kwanza ilikuwa kazi ya wanawake, na kwa macho ya ofisi kazi ya wanawake haikuwa kilimo. Pili, haikuwa na bei kwa kampuni yoyote. Kwa hiyo bustani ya parseli ikawa karibu mahali pekee ambapo familia ilichagua yenyewe nini kipandwe, lini, na kiliwe na nani. Mwanaume alirudi jioni kutoka kwenye pamba ya serikali, akala bugali na mboga iliyotoka hatua kumi kutoka mlangoni. Mimi naona huo ulikuwa uhuru wa namna yake, ingawa mama aliyeinama juu ya tuta pengine angenicheka nikimwambia hivyo.

Miaka ya Zaire naipita haraka. Kituo cha utafiti cha Mulungu, Kabare, kilichokuwa chini ya INEAC tangu enzi ya mkoloni, kikawa cha INERA, na barabara zikaharibika kidogo kidogo. Wamama waliendelea.

Mwaka 1996 ndio uliovunja kila kitu. Vita ilipofika, watu wa Uvira na Fizi kwa maelfu walivuka ziwa kwa mitumbwi na maboti kwenda Kigoma. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka huo huo, Lugufu mwaka uliofuata. Wanachama wetu wengi walikaa huko miaka kumi na zaidi. Watoto waliozaliwa kule walijua chakula kuwa kitu kinachotoka kwenye gunia lenye maandishi: unga, mbaazi, mafuta, chumvi. Kutoka nje ya kambi zaidi ya kilomita 4 bila ruhusa hakukuruhusiwa, na kulima mashamba makubwa ilikuwa ndoto.

Basi bustani ikahamia kwenye gunia lenyewe. Mnaikumbuka. Unachukua gunia la mgao lililokwisha, unalijaza udongo uliochanganywa na mbolea ya mbuzi, katikati unasimamisha nguzo ya mawe madogo ili maji yashuke mpaka chini, halafu unatoboa matundu pembeni na kupanda mche mmoja kila tundu. Maji ya kuoshea vyombo yanatosha kulinywesha. Ni hapo pia wengi walipojifunza kuita lengalenga "mchicha", na mpaka leo, ukitaka kujua nani alikaa Tanzania muda mrefu, msikilize akiwa sokoni mbele ya fungu la mboga.

Meli za kurudisha watu kutoka Kigoma mpaka Baraka zilianza mwezi wa kumi mwaka 2005. Lugufu ilifungwa mwaka 2009. Nyarugusu bado ipo, na ndugu zetu bado wamo. Waliorudi waliteremka na masufuria, mabati, maturubai na chakula cha miezi michache. Sasa tupige hesabu ambayo kila mama aliipiga kichwani akiwa bado bandarini. Mihogo inataka mwaka, au karibu. Maharagi yanataka miezi mitatu. Lengalenga, ukiimwaga leo na mvua ikiwepo, unaanza kuichuma ndani ya wiki tatu au nne. Chakula cha mgao kikiisha kabla ya shamba kujibu, kinachosimama katikati ni kile kipande cha nyuma ya nyumba. Hakuna kingine.

Kulikuwa na sababu ya pili, ambayo wafadhili wetu huwa hawaioni kirahisi. Wengi walikuta parseli zao zina watu wengine, au michikichi ya baba imekuwa ikivunwa na jirani miaka yote. Kwa desturi za huku, kupanda mti wa kudumu ni kusema "hapa ni pangu". Aliyeazimwa ardhi anaruhusiwa mboga na maharagi, lakini akipanda mchikichi au mgomba ameanzisha kesi. Kwa hiyo mwanachama anayepanda matembele tu mwaka wa tatu mfululizo, huku miche ya miti tuliyomgawia inakauka kwenye kivuli, si mvivu. Anaheshimu amani. Nimeona ripoti zikimwita mtu wa namna hiyo "asiye na moyo wa maendeleo". Moja niliiandika mimi.

Na kulikuwa na jambo la tatu: mihogo yenyewe ilikuwa mgonjwa. Wakati watu wako kambini, ugonjwa mkali wa batobato uliokuwa umeharibu mashamba ya Uganda ulisambaa mpaka mashariki ya Congo. Majani yanakuwa na madoa ya njano na kujikunja, mizizi inabaki kama vidole. Unapelekwa na nzi weupe wadogo, lakini unapelekwa zaidi na sisi wenyewe, tunapopeana vijiti kwa upendo bila kuangalia majani. Aina zinazovumilia zimetoka INERA na zimesaidia kweli. Hata hivyo, mama akipewa aina mpya, kitu cha kwanza anachouliza si kilo kwa hekta. Anauliza kama sombe yake ni tamu. Swali hilo nalo halina nafasi kwenye karatasi.

Kazi za majuma haya ni zile zile tangu zamani, na nafurahi kuziangalia. Aliyekuwa na akili aliweka mashina machache ya matembele pale maji ya kuogea yanapotiririka, yakakaa mabichi kiangazi chote. Sasa anayakata na kupanda, na jirani zake wanakuja kuomba. Vijiti vya mihogo vilivyosimamishwa kivulini vinakatwa urefu wa shubiri moja, vyenye macho matano au zaidi, kutoka kwa mama asiye na madoa. Mbegu za lengalenga ni ndogo kuliko mchanga, kwa hiyo zinachanganywa na mchanga au majivu kabla ya kumwagwa, zisiangukie pamoja. Kitalu cha nyanya kinafunikwa kwa nyasi. Matete yanafungwa kuzunguka, maana mbuzi wa kartie hawana adabu, na kuku ni wabaya zaidi. Halafu asubuhi moja unatoka na mswaki mdomoni na kuona mstari mwekundu-kijani umeinua udongo. Wazee kwa watoto wanaitana kuja kutazama. Sijaona mtu akiitana hivyo kwa sababu ya hekta ya mihogo.

Sasa mbegu. Wafadhili wapendwa, msimu tunaouita A unaanza mwezi wa tisa na kuisha mwezi wa kwanza. Msimu B unaanza mwezi wa pili. Kitalu cha nyanya au kabichi kinahitaji karibu mwezi mmoja kabla miche haijahamishwa. Mwaka mmoja, katika shirika ambalo sitalitaja, nilipokea mifuko ya mbegu mwezi wa kumi na mbili. Saini ilichelewa, kisha gari likakwama kwenye matope ya barabara ya Uvira, kwa sababu mvua tuliyotaka kuitumia ilikuwa imeshafika kabla yetu. Tuligawa, tukapiga picha, na nyanya zikaozeshwa na ukungu wa mvua nyingi. Mbegu zenyewe zilikuwa za kuchanganywa, zile ambazo ukitunza mbegu zake hazitoi mtoto anayefanana na mama. Kwa hiyo hata waliovuna hawakubaki na kitu cha kupanda mwaka uliofuata.

Ombi la kamati ni dogo. Fedha za mbegu za mboga zifike mwezi wa saba, hata zikiwa kidogo, na tununue hapa hapa, kutoka kwa wanachama wanaotunza mbegu. Wapo. Mmoja wao ni mama wa miaka zaidi ya sitini, amevuka ziwa mara mbili. Mara ya kwanza, alinieleza, alikuwa na mbegu za lengalenga na za nyanya chungu zimefungwa kwenye pembe ya kitenge, na hakuwa na sahani hata moja. Alizipanda Lugufu kila mwaka, si kwa ajili ya kula tu bali ili zisife. Alirudi nazo.

Nilimkuta wiki iliyopita akisafisha tuta. Mashina mawili makubwa ya lengalenga ya mwaka uliopita alikuwa ameyaacha wima pembeni, yamekauka, vichwa vimejaa. Mjukuu wake aliyapigapiga juu ya ungo, akapepeta, akamimina kwenye chupa ndogo ya dawa mpaka ikajaa. Zilizomwagika chini bibi alizikanyaga kwa makusudi, akasema hizo ni za mvua.